Mita Tano za Mwisho

Makocha wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze kinachomfikisha mbali mwogeleaji na kocha wake. Vipaji na urefu wa mikono mmeshasikia vya kutosha. Mimi leo nataka tuzungumzie ukuta wa bwawa.

Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008, fainali ya mita 100 kipepeo, ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja. Wanageuka kwenye mita 50, Mmarekani Michael Phelps ni wa saba. Anayeongoza ni Milorad Čavić wa Serbia, na anaongoza mpaka karibu kabisa na mwisho. Hapo sasa sikilizeni vizuri. Čavić ananyoosha mikono, anaacha mwili uteleze wenyewe kuufuata ukuta. Phelps anaongeza nusu pigo, fupi na la haraka, anaubamiza. Saa inasoma 50.58 kwa Phelps, 50.59 kwa Čavić.

Na wa tano katika fainali hiyohiyo alikuwa Mkenya, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi. Kwenye mchujo alikuwa ameogelea kwa 51.14, rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi kabla Čavić hajaivunja. Kwa hiyo asije mtu akatuambia mambo haya ni ya watu wa mbali.

Tuje kwenye mabwawa yetu. Mtoto anamaliza mzunguko wake. Zimebaki mita mbili, miguu imeshalala, kichwa kinainuka kutafuta ukingo, anaushika kwa mkono mmoja na kuning'inia. Kocha anasoma saa, anasema, "Vizuri, pumzika." Jamani, si vizuri! Katika bwawa la mita 25, mazoezi ya mita 3,000 ni kufika ukutani mara 120. Mara 120 kwa siku moja tunamfundisha mtoto kupunguza mwendo mwishoni, halafu siku ya mashindano tunamlaumu kwamba kapitwa pale pale ukutani.

Kocha Bob Bowman alimpokea Phelps kule Baltimore, Marekani, kijana akiwa na miaka 11. Ninachompendea Bowman ni kwamba hakumlainishia kijana mazoezi. Alimtengenezea matatizo makusudi. Kuna wakati katika mashindano madogo alimharibia miwani ili aogelee hivyo hivyo. Ukisikia hivyo unaweza kumwona katili. Lakini siku chache kabla ya fainali niliyoitaja, kwenye mita 200 kipepeo, miwani ya Phelps ilijaa maji na ukuta hakuuona. Akahesabu mapigo ya mikono. Alijua idadi yake kwa sababu alikuwa ameirudia mazoezini miaka na miaka. Alishinda kwa 1:52.03, rekodi ya dunia, na akatoka majini amekasirika kwamba angeweza kwenda kasi zaidi.

Kocha huyohuyo baadaye akamchukua Mfaransa Léon Marchand. Mwaka 2023 mjini Fukuoka, Marchand akaogelea mita 400 mitindo yote minne kwa 4:02.50 na kuivunja rekodi ya Phelps iliyodumu tangu 2008, Phelps mwenyewe akiwapo. Waogeleaji wawili wenye maumbile tofauti kabisa, kocha mmoja. Mimi hilo linanishawishi kuliko hoja yoyote kuhusu vipaji.

Wazazi, kwenu nina ombi moja tu: mkiwa jukwaani msimfundishe mtoto. Sauti mbili zinamchanganya.

Tukitoka hapa tunaingia majini. Makocha, msisimame katikati ya bwawa leo. Kila mmoja asimame mwisho wa njia yake, macho kwenye mikono ya mtoto. Vijana, mita tano za mwisho kichwa chini, hakuna kuvuta pumzi, miguu inapiga mpaka mmegusa. Anayeteleza anarudia urefu huo. Saa hatutaitazama kabisa mpaka kila mmoja wenu amegusa ipasavyo.