Mkojo, ndugu zangu, mkojo

Shikamooni wazee. Wengine habari za mchana. Vijana wa nyuma nawaona mnacheka, mnajua naanzia wapi. Mwaka juzi nilisema mkojo, mwaka jana mkojo, na leo nimekuja Nachingwea na mkojo uleule.

Julai 2022 siisimulii, mnaikumbuka. Ruangwa hapo jirani watu wanatokwa damu puani, simu zinaita mpaka Dar es Salaam: ugonjwa wa ajabu! Maabara ikajibu homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria anayetoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Siku Wizara inatangaza, wagonjwa 20, vifo 3. Tangu hapo mnamlaani panya. Sawa, panya hana wakili hapa. Lakini panya anakojoa kiasi gani, na ng'ombe anakojoa kiasi gani? Tena ng'ombe anakojoa palepale anaponywa.

Twendeni lamboni alfajiri. Ng'ombe wametangulia, kila alama ya kwato imejaa maji ya rangi ya chai. Mama anakanyaga humohumo na kandambili, visigino vina magaga ya msimu mzima wa korosho. Anainama, anasukuma povu kwa kiganja, anachota. Hajanywa hata tone, na bakteria huenda ameshapita kwenye ufa wa kisigino. Mdomo wala si lazima.

Mtaniambia, "Dokta, ng'ombe wangu haumwi." Ndiyo! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Bakteria huyu anajichimbia kwenye figo. Ng'ombe anacheua, ananenepa, na akiinua mkia anawamwaga. Nguruwe hivyohivyo. Mbwa hivyohivyo. Labda utaona maziwa yamepungua ghafla, au mimba zinatoka.

Niliitwa kwa mfugaji mmoja, majike matatu yametupa mimba ndani ya mwezi, naye ameshamtuhumu jirani kwa uchawi. Ndama wa tatu alimvuta mwenyewe, mikono mitupu mpaka kwenye viwiko. Kondo la nyuma akawatupia mbwa, mikono akaisuuza kwenye hori la kunyweshea. Nikamuuliza, sabuni je? "Sabuni ya nini, Dokta, si ng'ombe wangu mwenyewe?" Wiki mbili baadaye yuko kitandani, macho ya manjano kama binzari. Kapewa dawa ya malaria, kapewa tena, na kipimo kinasema malaria hana. Siku zote hizo hakuna aliyemuuliza, "Mzee, unafuga?" Maneno mawili tu! Yangemfikisha mapema kwenye doksisaiklini au penisilini, wala si dawa za kuagiza ng'ambo. Alipona, ila ufuta wake ulivunwa na shemeji, na shemeji mnawajua.

Kuna mtaalamu hapa ananikodolea macho: mimba zikitoka si ni brusela? Inaweza kuwa, ndiyo maana damu inakwenda maabara. Lakini brusela nayo utaivuta kwa mikono mitupu?

Na yule wa "babu zetu walikunywa lambo hilohilo." Walikunywa. Waliozikwa kwa homa kali nani aliwahesabu?

Sasa fanyeni hivi. Zungushieni lambo miiba, hori likae mbali, maji yapelekwe kwa ng'ombe, si ng'ombe kwenye maji. Mwenye magaga avae mabuti. Ya kunywa yachemke. Mimba iliyotoka ifukiwe, mbwa asionje. Chanjo ipo, lakini vimelea hivi vina aina nyingi na chanjo ya aina moja haikingi zote, mazungumzo yake tuyaache kwa leo.

Kimeta nilikipangia nusu saa, Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Haya: mnyama kafa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi, kisu kibaki kiunoni. Ukimpasua, bakteria wakipata hewa wanajigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miongo kwa miongo, hapohapo utakapochungia wajukuu zako. Usichune, usigawe nyama, muite mtaalamu. Chambavu, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, itasubiri mwakani.

Mzee pale chini ya mwembe kanyoosha mkono tangu niliposema mbwa. Karibu, mzee wangu.