Tarehe Imetoka: Jabiri Anaelekea Chumba cha Upasuaji

ZAWADI: Haya wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mimi Zawadi, na mwenzangu yupo hapa kama kawaida, ila leo amenuna.

JABIRI: Sijanuna, dada. Nina njaa.

ZAWADI: Kwako wewe kuna tofauti?

JABIRI: Leo siku ya 9 sijatafuna kitu cha maana. Maziwa, mtindi, supu nyepesi, maji. Mtu akifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, nasikia kama kapiga ngoma.

ZAWADI: Basi tuwaeleze watu. Jabiri amepewa tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito, bado siku 5. Mimi nilifanyiwa miaka 4 iliyopita, na wengi mnajua maana sijawahi kuficha. Leo tunazungumzia hicho kipindi cha kabla. Kisu chenyewe ni saa moja au mbili hivi, tena umelala. Kazi iko huku.

JABIRI: Na mimi nilidhani kazi ni kupata ujasiri tu. Ukishasema ndiyo, unapangiwa kitanda.

ZAWADI: Ulisema ndiyo lini?

JABIRI: Mara tatu! Ya kwanza nilisema kwa hasira. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu, pumzi ikakata, mwanangu akaja akanifungia. Ana miaka 7. Hakusema neno, akafunga akaenda zake. Siku hiyo nikapiga simu kliniki.

ZAWADI: Na ya pili?

JABIRI: Baada ya kuambiwa namba zangu. Nina kilo 128, urefu mita 1.72. Unachukua kilo, unagawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata ile BMI. Yangu 43.

ZAWADI: Hapo hakuna wa kubishana nawe. Kwa miaka mingi mstari wa kukubaliwa upasuaji ulikuwa BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Mstari huo uliwekwa Marekani mwaka 1991. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vikaushusha: 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kama una kisukari cha aina ya pili. Ila nchi na bima zina masharti yao, kwa hiyo uliza ulipo.

JABIRI: Mimi kisukari ninacho, presha ninayo, na nakoroma mpaka mama watoto amehamia chumba cha watoto.

ZAWADI: Pole. Na ile "ndiyo" ya tatu?

JABIRI: Hiyo nitaifikia. Kwanza nikuulize wewe, walikwambia unakimbilia njia ya mkato?

ZAWADI: Walisema, na mpaka leo wanasema. Aliyenikera zaidi ni shangazi mmoja ambaye mwenyewe alishafanyiwa upasuaji wa goti kwa sababu ya uzito. Nikamwambia, shangazi, mimi nimeanza juu ili goti libaki. Unajua watu wanadhani daktari anapunguza ukubwa wa mfuko wa chakula, basi, kama fundi anayepunguza suruali. Kumbe kinachobadilika ni mazungumzo ya tumbo na ubongo. Kwenye slivu, aina niliyofanyiwa mimi, wanakata robo tatu ya mfuko, au zaidi kidogo, unabaki mrija kama ndizi. Ile sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawekewa kengele ya kula. Mimi! Nasahau kula!

JABIRI: Hiyo nakuonea wivu leo.

ZAWADI: Usinionee sana. Njaa ilirudi, ya kiasi. Na kiungulia sikuwa nacho, sasa ninacho.

JABIRI: Ndiyo maana mimi wamenipeleka baipasi. Walinipitisha kamera mdomoni, wakaona koo la chakula limeshaunguzwa na asidi. Daktari akasema slivu ingenizidishia, na kwa kisukari changu baipasi ina nguvu zaidi. Wanatenga kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, wanakiunganisha na utumbo mwembamba huko chini. Mfuko uliobaki na mwanzo wa utumbo, chakula hakipiti tena.

ZAWADI: Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula.

JABIRI: Nilipima jikoni! Nikamimina maji kwenye kikombe, vijiko viwili, nikabaki naviangalia. Hayafuniki hata sakafu ya kikombe vizuri.

ZAWADI: Kinatanuka kidogo baadaye, usiogope. Na hii si teknolojia ya jana. Baipasi ya kwanza ya mfuko wa chakula kwa ajili ya kupunguza uzito ilifanywa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, na Edward Mason na Chikashi Ito. Walikuwa wameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko hawanenepi tena. Watu wamekaa na matumbo haya miongo na miongo.

JABIRI: Swali la mama watoto lilikuwa moja: utakufa?

ZAWADI: Ukamjibu nini?

JABIRI: Nilimpeleka kwa daktari amuulize mwenyewe. Akamwambia kwenye vituo vyenye uzoefu ni karibu mtu 1 kati ya 1,000 ndani ya siku 30, kama ilivyo kwa kutoa kibofu cha nyongo. Halafu akamwambia lisilopendeza: mishono inaweza kuvuja, damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Kwa hiyo utamwamsha atembee jioni ileile, hata akikutukana.

ZAWADI: Huyo daktari nampenda. Anayekwambia hakuna hatari yoyote, chukua mkoba wako uondoke. Muulize pia ameshafanya wangapi, na nani atakufuatilia miaka mitano baadaye.

JABIRI: Na tulizungumza matarajio. Mimi kichwani nilikuwa na kilo 70, uzito wa siku ya harusi. Akaniambia watu wengi hupoteza kama asilimia 25 mpaka 30 ya uzito wote. Kwangu ni kilo 32 mpaka 38. Piga hesabu.

ZAWADI: Utaishia tisini na kitu.

JABIRI: Tisini na kitu, dada. Kitambi kitakuwepo! Nikauliza, sasa nakatwa ili nini? Akanijibu: ili labda uache baadhi ya dawa za sukari, na ili ufunge viatu vyako. Sikuwa nimemwambia habari ya viatu. Nadhani anawaambia wote.

ZAWADI: (anacheka) Haya, vipimo.

JABIRI: Vipimo vingi mno, nisiwachoshe watu. Damu, moyo, ini, kulala na mashine ya kuhesabu mara ngapi pumzi inakata usiku. Nimepewa barakoa ya kulalia, na nitakwenda nayo hospitali.

ZAWADI: Mimi walinikuta na H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Kumeza dawa wiki mbili, kusubiri, kupimwa upya. Tarehe yangu ikasogea karibu miezi 2. Nililia kama nimefiwa. Na ngoja nikiri jambo: kabla ya tarehe ile ya kwanza nilishafanya sherehe ya kuaga chakula. Wiki nzima, kila ninachokipenda. Nilipoahirishwa, kilo 4 nimeongeza na kufanyiwa sijafanyiwa.

JABIRI: Mimi yangu ilikuwa kwa mwanasaikolojia. Hapo ndipo nilisema ile "ndiyo" ya tatu.

ZAWADI: Sema.

JABIRI: Ananiuliza, Jabiri, huwa unakula kwa siri? Nikasema hapana, nyumba yangu ina watu wengi, siri ya wapi. Akaandika. Tukamaliza vizuri, akanipa mkono. Nikashuka kwenye maegesho, nikafungua mlango wa gari, na chini ya kiti cha dereva pakachomoza karatasi ya biskuti. Nikainama, maana nilikuwa mwenyewe. Nikazitoa, dada. Kumi na moja! Zimekunjwa vizuri, moja ndani ya nyingine. Nilikuwa nazikunja ili zisipige kelele.

ZAWADI: Jamani.

JABIRI: Nilikaa mle garini karibu nusu saa. Halafu nikapanda tena ngazi, nikagonga. Nikaziweka mezani kwake. Unajua alisema nini? Aliziangalia akauliza, "Hizi za maziwa au za tangawizi?"

ZAWADI: (anacheka sana)

JABIRI: Wallahi! Akasema tarehe isubiri, tukutane kwanza mara kadhaa. Tukagundua nakula nikitoka kazini kabla sijafika nyumbani. Kilometa mbili za mwisho, kila siku. Si njaa, ni kwamba nikishaingia ndani kila mtu ananihitaji. Sasa nikifika pale nasimamisha gari, nampigia kaka yangu, tunapiga soga dakika 10, naingia.

ZAWADI: Hilo wasikilizaji naomba mlishike. Mimi sikupanda ngazi. Niliulizwa swali lilelile nikadanganya, nikapita. Mwaka wa pili baada ya upasuaji nikajikuta naramba aiskrimu polepole jioni nzima. Kitu laini hakijazi mrija, kinateleza tu. Kilo 7 zikarudi. Nikaenda kwa mwanasaikolojia nimeshakatwa, na maongezi yakawa yaleyale ambayo ningeyafanya mapema.

JABIRI: Sasa hii lishe ya wiki mbili, mimi nilidhani ni adhabu ya kupima kama nina nia.

ZAWADI: Ni kwa ajili ya ini. Mtu mnene mara nyingi ini lake lina mafuta, limevimba, na upande wake wa kushoto unalalia juu ya mfuko wa chakula. Daktari anaingia na vijiti vyembamba kupitia matundu madogo, na lazima aliinue ini kuona anakokwenda. Ukila kalori 800 mpaka 1,000 kwa siku, wanga kidogo, ini linanywea na kulainika. Ukiiba, anaingia anakuta ini limetanda kama godoro, na anaweza kufunga akakurudisha nyumbani hivyohivyo.

JABIRI: Siibi. Lakini nilifanya kosa jingine. Niliambiwa kuna kidonge kimoja cha sukari nikiache siku ya kwanza ya lishe. Mazoea, nikaendelea kumeza. Siku ya 3, saa tano asubuhi, mikono inatetemeka, jasho jembamba, maneno hayaji. Mama watoto akanipima sukari: 3.4, imeshuka mno. Akanipa juisi ndiyo nikarudi duniani. Kwa hiyo wenye kisukari, kaeni na daktari wenu mpitie dawa moja moja kabla ya kuanza. Nunuzi la kwanza liwe karatasi ya kuandikia dawa zako na kubandika kwenye friji, siyo unga wa protini.

ZAWADI: Na wavuta sigara, wiki 6 kabla, angalau, na baada ya baipasi usirudi kabisa, itakutoboa kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Vilevile dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki uziage.

JABIRI: Na wanawake?

ZAWADI: Mimba isubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Na hapa wengi wanateleza: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unapanda. Aliyekaa miaka hapati, anapata ghafla. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana, kwa hiyo panga njia nyingine kabla hujalazwa. Nywele zitanyonyoka mwezi wa tatu au wa nne, zitarudi. Ngozi italegea, na hiyo hairudi. Vitamini ni maisha yako yote: B12, chuma, kalisi, vitamini D.

JABIRI: Vitamini nimeshapanga. Kinachonishinda ni maji. Kutokunywa wakati wa kula, kusubiri nusu saa. Nimeanza mazoezi mezani, nikajiwekea kijiko cha mtoto. Yule mwanangu wa viatu ananihesabia kila kijiko. Nikimeza kabla hajafika ishirini anapiga meza.

ZAWADI: Una hakimu kabisa.

JABIRI: Tena hapokei rushwa.

ZAWADI: Unaogopa nini zaidi, kwa kweli?

JABIRI: Nusu kaputi. Kile kitendo cha kulala nikiwa sijaamua kulala. Na fomu. Kuna mstari wa jina la mtu wa kupigiwa. Niliandika jina la mke wangu, kalamu ikasita kwenye namba yake. Ninaijua miaka 12, ikanipotea.

ZAWADI: Mimi nilisahau tarehe yangu ya kuzaliwa. Muuguzi akanisomea kwenye mkanda wa mkononi.

JABIRI: Hiyo saa yangu imelia. Maji.

ZAWADI: Kunywa basi, tukuone.

JABIRI: (anakunywa)

ZAWADI: Hilo ni funda zima, Jabiri. Nimekwambia ulowanishe ulimi tu. Rudia.