Aliyeanza Kiswahili Akiwa na Miaka Kumi na Miwili

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia safari ya mwalimu, kutoka kijijini hadi mbele ya ubao. Dada yangu hapa ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nimemwachia achague. Umemleta nani, dada?

DADA: Nimemleta Julius Kambarage Nyerere.

KAKA: Mwalimu mwenyewe!

DADA: Ndiyo. Wengi tukisikia "Mwalimu" tunasikia cheo. Mimi nasikia kazi. Yule mtu alishika chaki, akasahihisha madaftari.

KAKA: Haya, tuanzie Butiama.

DADA: Butiama, mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, ni mtemi wa Wazanaki. Lakini usidhani mtoto wa mtemi alikaa kivulini. Kambarage alichunga mbuzi kama wenzake. Shule ameanza 1934, Mwisenge, kule Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka nyumbani. Ana miaka 12.

KAKA: Miaka 12 ndiyo anaanza la kwanza?

DADA: Na anafika pale anajua Kizanaki. Kiswahili hakijui! Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kaka, maana hapo pananigusa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kijiji ambacho watoto walikuwa wanaongea Kisukuma tu. Kulikuwa na binti mmoja, kila nikimuuliza swali anainamisha kichwa. Nikaandika kwenye daftari langu: "mzito". Siku moja nikamsikia nje anawahesabia wenzake kokoto kwa Kisukuma, haraka, bila kukosea. Nililia siku ile. Mzito nilikuwa mimi.

KAKA: Pole, dada. Ukafanyaje?

DADA: Nilimwomba yeye anifundishe kuhesabu. *Imo, ibili, idatu...* Darasa zima likacheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa ananijibu.

KAKA: Kwa hiyo ukimsoma Nyerere...

DADA: Namwona yule binti. Mtoto anayeingia darasani na lugha ambayo darasa haliijui. Halafu angalia: shule ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 yuko Tabora, 1943 yuko chuo cha Makerere, Uganda, na 1945 anatoka na diploma ya ualimu. Akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada yake.

KAKA: Halafu Pugu.

DADA: Pugu, shule ya sekondari nje kidogo ya Dar es Salaam. Na kumbuka, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, inazaliwa Julai 7, 1954, na rais wake bado ni mwalimu wa sekondari. Mchana vipindi, baada ya hapo mikutano.

KAKA: Hiyo haiwezi kudumu.

DADA: Haikudumu. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU. Aliporudi ikabidi achague, shule au siasa. Akaacha shule. Mimi najiuliza kila mara siku hiyo aliondokaje pale. Kuacha mshahara ni jambo moja. Kuacha wanafunzi katikati ya mwaka, hilo mwalimu yeyote analijua linavyouma.

KAKA: Na hakuwa na kazi nyingine?

DADA: Akarudi kwao. Na unajua alifanya nini kule? Alimfundisha padre wa Kimarekani Kizanaki.

KAKA: Kizanaki!

DADA: Lugha ile ile aliyokwenda nayo Mwisenge. Ameacha ualimu, na bado anafundisha. Miaka minane baadaye tafsiri yake ya Shakespeare kwa Kiswahili ikachapishwa, na huyo ndiye mtoto ambaye mwaka 1934 hakuweza kusalimia kwa Kiswahili.

KAKA: Yule binti wako wa kokoto yuko wapi sasa?

DADA: Yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Alinipigia simu Jumapili, akanisalimia kwa Kisukuma.