Nililala Lupango Texas, na Kazi ya Urubani Nimepata

Haya, mambo zenu wadau. Leo siko angani, niko ndani ya gari. Nimepaki nje ya kiwanja kidogo tunachofundishia hapa kaskazini mwa Texas. Upepo ni mkali na mwanafunzi wangu wa saa tatu kaahirisha. Basi nikasema leo nijibu lile swali lililojaa inbox yangu: "Kaka, mimi niliwahi kukamatwa, naweza kuwa rubani huko?"

Najibu kwa stori yangu mwenyewe. Jana usiku nimempigia mama Tanga nikamweleza kwanza, maana nisingependa aisikie kwa majirani. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Walikupa chakula?" Walinipa, mama. Mkate na kipande cha nyama baridi, hata chumvi hakina.

Ilikuwaje? Mwaka 2014 trafiki alinisimamisha nikiwa sina bima. Faini ya mahakama nililipa, nikajua yamekwisha. Kumbe wakati ule jimbo la Texas lilikuwa na tozo nyingine pembeni: ukikutwa na kosa la bima, unalipa dola 250 kila mwaka, miaka 3 mfululizo. Mfumo huo waliufuta mwaka 2019, lakini mimi ulinikuta. Barua zilikwenda kwenye nyumba niliyokwishahama. Sikulipa, wakaifungia leseni yangu, nami naendesha tu kila siku kwenda kazini, sina habari.

Mwaka 2016, usiku, taa moja ya breki imekufa. Ofisa akanisimamisha, akachukua leseni, akaenda nayo kwenye gari lake. Aliporudi sauti ilikuwa imebadilika. Shuka, geuka, mikono nyuma. Pingu. Jela ya kaunti wanakupiga picha, wanachukua alama za vidole kwenye kioo cha mashine, kidole kimoja kimoja, na ukitetemeka unarudia. Nilirudia mara nne. Asubuhi nikatoka kwa dhamana, nikatafuta wakili, nikalipa tozo zote, mwendesha mashtaka akaifuta kesi. Sikutiwa hatiani, na sikuwa nimekunywa hata tone.

Miaka miwili baadaye naanza mafunzo ya urubani. Cheti cha afya unaanzia mtandaoni, kwenye fomu ya FAA, ndiyo mamlaka ya anga ya Marekani, halafu ndiyo unakwenda kwa daktari wao. Kipengele cha 18 kina maswali mengi ya magonjwa: kizunguzungu, moyo, kifafa. Nikawa natiki hapana, hapana, hapana, kama mtu anayekubali masharti ya programu ya simu. Mkufunzi wangu, mzee mmoja aliyestaafu kurusha mizigo, alikuwa pembeni na kahawa yake. Nilipofika herufi v akaniwekea kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Soma hilo kwa sauti."

Nikasoma. Linaanza na kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kuendesha ukiwa umelewa. Nikacheka, hilo halinihusu. Akasema, "Endelea, hujamaliza." Sentensi inaendelea: au kukamatwa, au hatia, au hatua ya kiutawala kwa kosa lililosababisha leseni yako ya gari kunyimwa, kufungiwa au kufutwa. Kufungiwa! Jibu langu ni ndiyo. Na nusu dakika kabla ya hapo mkono wangu ulikuwa njiani kutiki hapana.

Sasa hapa nataka tuelewane, maana naona ndipo wengi wetu tunapoangukia. Nyumbani tunasema "fulani ana kesi", basi. Aliyekamatwa ana kesi, aliyeshtakiwa ana kesi, aliyefungwa alikuwa na kesi, hata aliyebambikiwa akaachiwa kesho yake bado mtaani ana kesi. Neno moja linabeba yote. Kwenye makaratasi ya huku kila hatua ina neno lake, na kila fomu inachagua maneno inayoyataka.

Fomu hiyo hiyo ya FAA, ukitoka v unakuta w. Hiyo inauliza hatia zisizo za barabarani. Hatia. Haikuulizi kukamatwa. Kwa hiyo kijana aliyekamatwa kwa ugomvi wa baa, kesi ikafutwa, hapo anajibu hapana na hajadanganya mtu. Kijana huyo huyo akienda kuomba kazi kwenye shirika la ndege anaweza kukutana na swali pana zaidi. Fomu niliyojaza mimi iliuliza kama nimewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani. Hapo akijibu hapana, kadanganya. Na majimbo nayo hayafanani: California, kwa mfano, sheria inamkataza mwajiri kukuuliza juu ya kukamatwa ambako hakukuishia kwenye hatia. Halafu ukiomba uraia, fomu ya uhamiaji inauliza kama umewahi kukamatwa au hata kushikiliwa tu, na wanataka utaje tukio hilo hata kama mahakama ilifuta kumbukumbu. Mtu mmoja, usiku mmoja wa lupango, majibu tofauti.

Ndugu zangu mnaojaza bahati nasibu ya green card, hili linawahusu pia. Ukishinda, fomu ya viza inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Nao wataomba hati ya polisi ya tabia njema kutoka huko ulikoishi. Ile kamatakamata ya Kariakoo mliyolala kituoni mkatoka kwa dhamana, usiamue peke yako kwamba haihesabiki. Muulize wakili wa uhamiaji. Siyo mimi, mimi ni mwalimu wa kurusha ndege.

Kuna jamaa atasema, kaka, watajuaje? Kwenye fomu ya afya, ukiweka sahihi unakuwa umewaruhusu FAA waangalie rejista ya taifa ya madereva, na leseni zilizofungiwa ziko humo. Ukija kuajiriwa, alama za vidole vyako zinapita FBI kabla hujapewa kitambulisho cha kuingia sehemu za ulinzi uwanjani. Huko rekodi ya kukamatwa inaweza kuonekana bila kuonyesha kesi iliishaje: alikamatwa tarehe fulani, basi. Kesi ilifutwa? Haijaandikwa. Ndiyo maana nilikwenda mahakamani nikaomba nakala iliyopigwa mhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Karatasi moja tu, ninayo kwenye folda pamoja na cheti cha ndoa. Mke wangu hapendi mpangilio huo.

Na kuna jambo ambalo mkufunzi alinifafanulia siku ile nikapata baridi. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, cha marubani wa mashirika, ukiwa chini ya miaka 40 unakihuisha kila mwaka. Ukishafika 40, kila miezi 6. Na swali linasema "umewahi", siyo "mwaka huu". Kwa hiyo ukidanganya mara ya kwanza inabidi udanganye na mwaka ujao, na unaofuata, kila mara kwa sahihi yako. Kwenye fomu yenyewe wameandika: faini hadi dola 250,000, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Na FAA wanaweza kufuta vyeti vyako vyote, cha afya na vya urubani. Ukisema kweli je? Unaeleza mara moja. Mwaka unaofuata unatiki ndiyo na kuandika kwamba ilishatajwa, hakuna mabadiliko. Mimi daktari aliniuliza maswali mawili akaendelea kunipima macho.

Pombe ni habari nyingine, sitawadanganya. Ukiwa tayari una cheti cha urubani ukatiwa hatiani kwa kuendesha umelewa, au leseni ikafungiwa kwa sababu hiyo, una siku 60 za kuwaandikia FAA, na hiyo ni mbali na fomu ya afya. Mashirika nayo yana sababu ya kukuogopa: Canada inaweza kukuzuia mpakani kwa kosa hilo, na tangu Desemba 2018 wamelipandisha kuwa kosa zito. Rubani asiyeweza kutua Toronto wampangie wapi? Lakini hata huko mlango haujafungwa kabisa. Tafuteni habari za Lyle Prouse. Mwaka 1990 alirusha ndege ya shirika la Northwest yenye abiria kutoka mji wa Fargo akiwa na pombe mwilini. Alifungwa na vyeti vikafutwa. Akaacha pombe, akaanza upya leseni moja baada ya nyingine, akarudi Northwest ile ile na kustaafu akiwa kapteni wa Boeing 747. Mwaka 2001 Rais Clinton akampa msamaha.

Mashirika yamekuwa makali na rekodi kwa sababu. Februari 2009 ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50. Ikaja kujulikana kwamba kapteni, alipoomba kazi, hakutaja mitihani yote ya urubani aliyofeli. Hiyo haikuwa kesi ya polisi, lakini baada ya hapo sheria ya 2010 ikaagiza hifadhi ya pamoja ya rekodi za marubani, na mwajiri lazima aifungue kabla hajakupa kiti.

Basi, usaili wangu. Nilikuwa nimefikisha zile saa 1,500 za kuruka zinazotakiwa kwa rubani wa shirika la ndege. Watu wawili mbele yangu, mwanamke wa rasilimali watu na kapteni mmoja mwenye mvi. Mwanamke akasoma, "Hapa umesema uliwahi kukamatwa. Tueleze." Nilishafanya mazoezi na mke wangu jikoni mpaka ikafika sekunde 40: sikuwa na bima, sikubadilisha anwani, leseni ikafungiwa, nikakamatwa, nikalipa, kesi ikafutwa, hii hapa karatasi ya mahakama. Sikumlaumu ofisa wala jimbo, ingawa ile tozo, Mungu anajua, nina maneno nayo.

Mwanamke akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha. Kapteni yeye alikuwa bado ananiangalia.

"Na ile taa ya breki?"

"Nilibadilisha balbu wiki ile ile, Kapteni."

Akaandika kitu, akaniuliza nifanye nini injini moja ikizima wakati wa kupaa.

Haya, mwanafunzi wangu wa saa nne namwona anaingia getini na mama yake. Ngoja niende.