Koti la Mzee na Ukuukuu wa Kamba

(Mhadhara uliotolewa mbele ya kikundi cha wastaafu, Kisumu)

Asante, Mwenyekiti. Amenipa dakika thelathini na ameniomba leo nisizungumzie koti. Wanaonijua wanacheka. Nitazungumzia koti.

Mama zangu, wazee wenzangu, hamjambo. Nilifundisha ushonaji miaka mingi katika vyuo vya ufundi vya huku kwetu, Vihiga na Siaya, na tangu nistaafu kazi yangu ni moja: kuwazuia watoto wa watu wasitupe nguo za wazazi wao. Sina mshahara. Nalipwa ndizi, na manung'uniko ya wakaza wana.

Basi koti. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mtu wa reli. Sisi wa Kisumu tumezoea kuvuja jasho, hatujui usiku wa Timboroa. Stesheni ile iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka pale saa tisa za usiku na taa mkononi, bila nguo nzito, utaita jina la mama yako. Alipewa koti mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani imekwisha kuvunjika miaka miwili nyuma. Piga hesabu mwenyewe. Sufu nzito, buluu iliyokolea hadi karibu na weusi, vifungo vikubwa kama sarafu. Bitana nimeibadilisha mara tatu, na hii ya sasa niliikata kwenye pazia la sebuleni, ndiyo maana akilifungua koti mnaona maua. Mfuko wa ndani ulikuwa wa ratiba ya gari la moshi. Baadaye ukawa wa barua. Leo unakaa miwani na dawa za presha.

Alipotimiza miaka sabini watoto walikuja kutoka Nairobi. Keki, picha, na zawadi: jaketi. Jepesi, limejazwa kitu kama pamba ambacho si pamba, zipu kutoka kitovuni hadi kidevuni. Shilingi elfu sita, tukaambiwa, ingawa hatukuuliza. Kesho yake nikaenda kanisani, na mkaza mwana, ambaye ni mtoto mzuri na nampenda, akaamua kutusaidia kupanga kabati. Niliporudi kabati lilikuwa linapumua. Nikauliza, koti la baba liko wapi? "Mama, lile limechoka. Nimempa kijana wa ng'ombe."

Mzee hakusema neno. Watu wa reli hawasemi. Lakini alikaa siku tatu bila kutoka nje ya lango, yeye ambaye kila asubuhi huenda kwa miguu mpaka barabarani kununua gazeti. Mimi nikadhani amekasirika. Siku ya nne nikamkuta chumbani amesimama na lile jaketi, ameinamisha kichwa, anajaribu kuingiza ncha ya zipu kwenye kile kitundu chake. Vidole vyake vina baridi yabisi. Zipu inataka vidole viwili vya kila mkono na macho yatazame chini, na ukikosa unaanza upya. Kifungo kikubwa alikuwa anakifunga kwa dole gumba, gizani, huku anazungumza na dereva, kwa miaka zaidi ya thelathini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaona haya kuniomba nimfunge zipu kama mtoto wa nasari.

Sasa nataka mtu aniambie tena kwamba koti lile lilikuwa limechoka.

Tukaenda kwa kijana. Mnadhani alilitoa? Akasema, hili nimepewa na madam. Na ni kweli, alipewa. Mzee akatoa shilingi mia tano. Kijana akasema, mzee, asubuhi zizini kuna baridi. Mia nane. Kijana akatazama miguu yake, akasema hata gambuti zake zimetoboka. Tulibishana nusu saa, ng'ombe wanatutazama. Mwishowe akachukua jaketi la elfu sita pamoja na gambuti mpya, Mzee akarudi na koti lake. Jaketi lile linakamulia ng'ombe mpaka leo, na linamkaa kijana vizuri sana. Zipu haimsumbui, ana miaka ishirini na mbili.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, huyu mama ni bahili anatafuta kisingizio. Sawa. Na kuna mwingine, huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, anasema: watu wataonaje? Mzazi akionekana sokoni na sweta lenye kiraka kiwikoni, majirani watasema watoto wako Nairobi wanakula maisha na hawamtunzi. Hapo ndipo penye jipu. Nguo nyingi mpya wanazotuletea ni za majirani. Sisi ni kamba tu ya kuzianika.

Lakini hebu twende soko la Kibuye Jumapili. Pale marobota yanafunguliwa, watu wanapigana mabega kugombea "kamera", zile za kwanza kabisa, na jioni maskini wanaokota "fagia", yale mabaki ya mwisho. Ni nini kile? Ni nguo za zamani za mtu mwingine! Mwanangu anaona haya mimi kuvaa ukuukuu wangu, kisha ananinunulia ukuukuu wa mama wa Ujerumani ambaye hata hatumjui alikuwa na mabega gani. Mimi sina ugomvi na mitumba, tuelewane. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana waiondoe kabisa kufikia 2019, Marekani ikanuna, Kenya ikajitoa mapema, Rwanda ikashikilia na kulipia. Sitaki kuingia huko, nitamaliza muda. Nakumbusha tu mwaka 2020, Machi hadi Agosti, serikali ilipozuia mitumba kwa ajili ya korona. Simu yangu haikulala. Ghafla kila mtu alitaka kujua namna ya kugeuza kola.

Na kola inageuzwa, kwa taarifa yenu. Unaifumua pale inapoungana na shingo, unaipindua upande uliosagika uende chini, unairudisha. Kazi ya saa moja. Shati linapata miaka mingine mitano. Wanafunzi wangu walikuwa wanaijua kabla hawajajua kukata rinda.

Kuna neno nataka tulitazame, kwa sababu Kiswahili kina adabu ambayo sisi tumeisahau. Mtu anazeeka. Nguo haizeeki, nguo inachakaa. Husemi "shati zee". Unasema shati kuukuu. Na binadamu hawezi kuwa kuukuu hata akifika miaka mia. Lugha imetutenganisha na nguo zetu, lakini watoto wanatuchanganya: wakiona koti limechakaa wanaona baba amechakaa, basi wanabadilisha kile kinachoweza kubadilishwa. Wahenga walikuwa na methali mbili hapa na sisi tumechagua moja. Kipya kinyemi ingawa kidonda, hiyo tunaiimba. Ile nyingine, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, hiyo tumewaachia watahiniwa wa mtihani. Kamba ni kamba, hata ikiwa imetumika. Ukambaa ni ukili tu, ukanda wa majani ya mkindu, uliosukwa jana.

Dakika ngapi? Kumi na mbili. Sawa.

Sasa sehemu ya kazi, kwa sababu sikuja hapa kulia juu ya koti. Mimi sisemi nguo ikae kama ilivyokuwa. Nguo uipendayo ilikatwa kwa ajili ya mwili uliokuwa nao, na mwili umehama. Tunafupika, wote, hata wewe mzee uliyekuwa beki wa shule. Pingili za uti wa mgongo zinakaribiana, mabega yanakuja mbele, mgongo unapinda kidogo. Suruali ileile iliyokuwa inagusa kiatu sasa inakanyagwa. Na rinda, sikilizeni mama zangu, rinda linapanda nyuma na kushuka mbele. Mnadhani ni fundi aliyekosea. Ni mgongo umekula kitambaa cha nyuma. Ukipanda ngazi, pindo la mbele linaingia chini ya kidole gumba, na mnajua nyonga ya mtu wa miaka sabini na tano ikivunjika ni habari gani. Nimezika rafiki kwa sababu ya pindo la sentimita nne.

Dawa yake: usipime rinda mezani. Livae, simama kama unavyosimama siku zote, usijinyooshe kama unapigwa picha ya pasipoti, halafu mtu apige magoti apime kutoka sakafuni kwenda juu, kuzunguka pande zote. Punguza mbele, teremsha nyuma kama pindo la ndani lina akiba. Nguo za zamani huwa na akiba! Mafundi wa zamani waliacha vidole vitatu vya kitambaa ndani ya pindo kwa sababu walijua binadamu hukua. Za siku hizi zimepigwa ovaloki ukingoni kabisa, hakuna pa kushika. Rinda hili nililovaa ni pamba ya Kicomi. Ndiyo, ya kiwanda kilichokuwa hapa hapa Kisumu, wajukuu hawaamini kwamba mji huu ulikuwa unafuma kitambaa. Nimelifungua ubavuni mara mbili na kuliziba mara moja, kufuatana na mimi.

Kwapa likibana huwezi kuinua mkono kuvaa, na ndipo watu wanaanza kuvalishwa. Fumua chini ya kwapa, tia kipande chenye umbo la almasi, ukikate kwenye mfuko wa ndani wa nguo hiyohiyo ili rangi ifanane. Hakuna atakayekiona isipokuwa ukiwa unapunga mkono kwenye mkutano wa siasa.

Tundu kwenye sufu usilitie kiraka, litililie. Chomoa uzi ndani ya pindo la nguo yenyewe, tandika mtande, nyuzi za kwenda, pitisha mshindio, uzi wa kukatiza, juu, chini, juu, chini. Usivute. Ukivuta unapata chunusi, na chunusi ya sufu haipigwi pasi ikaisha.

Mtasema, mwalimu, macho hayaoni tena. Najua, hata mimi sioni. Mjukuu ananitungia sindano kumi asubuhi ya Jumamosi nazichoma kwenye mto, zinanitosha wiki.

Haya, haraka haraka, Mwenyekiti ananitazama. Sufu na dawa ya klorini, ile mnayoiita Jik, havikutani kamwe, inakula sufu. Inakula na mipira ya viunoni. Mpira ukilegea si sketi iliyokufa, ni mpira. Mpya ni shilingi chache, unaingizwa kwa pini ya usalama. Anika kivulini, geuza ndani nje. Jua hili letu la Kisumu linafyonza rangi kama deni. Vifungo: vibadilishe viwe vikubwa, na tundu lipanuliwe, kama vidole vinauma. Mengine niliyoandika hapa kuhusu nondo naona nitayaacha.

Viatu. Hapa nageuka, na najua mtanizomea. Kiatu kipenzi ambacho soli imelainika na kisigino kimeliwa upande mmoja, tupa. Ndara iliyotanuka, tupa. Nguo kuukuu inakujua. Kiatu kuukuu kinakuteleza. Mzee wangu na mimi bado hatujamaliza mjadala huu.

Kuna aliyeniuliza mlangoni habari za mtu aliyepoteza kumbukumbu. Mama yake hubishana kila asubuhi akivalishwa. Nilimwambia, na wauguzi watakwambia hivyo hivyo, mrudishie zile nguo alizozivaa kabla ya ugonjwa, uzipange kwa utaratibu wake, ya ndani juu, ya nje chini. Akili inaweza kuwa imesahau jina lako na mkono bado ukakumbuka mkono wa sweta uko wapi. Si kila mmoja, lakini jaribu kabla ya kununua.

Na jambo la mwisho, nililotaka kulipa nafasi na sasa halina. Wajaluo wa rika langu mnakumbuka mjane alivyovaa koti la marehemu wakati wa maombolezo, pengine limegeuzwa ndani nje. Shangazi yangu alilivaa. Lilikuwa linamfika magotini, na hakuna mtu aliyemwambia limechoka. Siku hizi nguo za marehemu zinagawanywa upesi, wengine wanazichoma kwa sababu ya kuogopa mambo ambayo sitayataja kwenye ukumbi huu. Mzee wangu ameniuliza koti litakwenda wapi. Nimemwambia kijana wa ng'ombe ameshauliza kabla yake.

Basi, nakaa chini. Lakini nimekuja na mkasi, pini na cherehani ya mkono, iko pale karibu na dirisha. Anayetaka kupimwa pindo aanzie upande huu, na asijinyooshe. Mama wa kitenge cha manjano, wewe njoo kwanza, hilo kwapa nimelitazama tangu nianze kuongea.