Kwa Nini Beki Oduya Alihamishwa Timu Mara Nyingi: Jibu Langu kwa Watazamaji wa Nyumbani

Hamjambo watazamaji wangu. Tangu nilipowaonyesha mwanangu akicheza mpira wa magongo wa barafuni hapa Winnipeg, Kanada, swali moja limekuwa likirudi kila wiki: ikiwa Johnny Oduya, ambaye baba yake ni Mkenya, alitwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa ligi kuu ya mchezo huu Amerika Kaskazini, mara mbili, mbona timu zilikuwa zikimtoa, na je, kazi ile ina fedha kweli? Nikitaja mamilioni nitaambiwa naringa, na nikitaja gharama nitaambiwa nalalamika ilhali nimeshavuka maji. Hata hivyo nitajibu.

Oduya alizaliwa Stockholm mwaka 1981. Alicheza mechi 850 za msimu wa kawaida katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, akafunga mabao 41 tu, na mtu aliyezoea kuhesabu mabao ataona hakufanya lolote. Kazi ya beki wa aina yake ni kumbana mshambuliaji kwenye ukuta unaozunguka uwanja, kuutoa mpira, ambao huku ni kisahani kigumu cha gramu 170, eneo la hatari, na kuuweka mwili wake mbele ya kisahani hicho kinapopigwa kuelekea langoni. Mwanangu ana umri wa miaka kumi na mmoja na anacheza nafasi hiyohiyo. Juzi nilipomvua soksi nilikuta alama ya rangi ya zambarau chini ya goti, mahali ambapo kinga inaishia, naye alikuwa hajaniambia neno.

Katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu za ligi kuu hugawana chipukizi kwa zamu, Washington walimchagua Oduya mwaka 2001 akiwa wa 221, lakini hakuwahi kuwachezea. Alirudi kucheza Uswidi, na alipoingia New Jersey mwaka 2006 alikuwa na miaka 25. Februari 2010 walimpeleka Atlanta pamoja na wenzake ili wampate mfungaji Ilya Kovalchuk. Mwaka 2011 timu nzima ya Atlanta ilihamishiwa hapa Winnipeg, katika vuli ileile niliyofika mimi na sanduku moja, na jina la Oduya lilikuwa jina la kwanza la nyumbani nililolisikia likitangazwa katika televisheni ya huku. Kabla msimu haujaisha, Februari 2012, alipelekwa Chicago, na Winnipeg hawakupewa mchezaji yeyote, bali haki mbili za kuchagua chipukizi wa mwaka uliofuata. Wanaosema alitupwa wakumbuke kwamba ni Chicago huko alikotwaa kombe mwaka 2013 na 2015. Baadaye akaenda Dallas, akarudi Chicago, kisha Ottawa na Philadelphia. Timu inayomtaka beki wa kutegemewa mwezi Februari, mashindano ya mtoano yakikaribia, haiwezi kumchukua aliye mbovu.

Kuhusu fedha, mkataba wake wa Chicago wa mwaka 2012 ulikuwa wa miaka mitatu na ulizidi dola milioni 10. Msidhani zote ziliingia mfukoni. Mshahara hulipwa wakati wa msimu tu, ligi huzuia sehemu yake hadi mapato ya mwaka yajulikane, wakala ana fungu lake, na majimbo mengi ya Marekani humtoza mchezaji mgeni kodi kwa siku alizofanya kazi humo. Aliye daraja la chini, anayepandishwa na kushushwa, mara nyingi mkataba wake una mishahara miwili, na ule wa chini ni sehemu ndogo sana ya ule wa juu. Kaka yake Johnny, Fredrik, alikuwa beki pia, akachaguliwa na San Jose mwaka 1993, akazunguka katika ligi ndogo za Marekani bila kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya pikipiki. Mnaponiuliza njia, mwulizieni na Fredrik.

Makaratasi ya hao wakubwa hushughulikiwa na timu, ikiwemo viza ya P-1 ambayo Marekani huwapa wanamichezo. Mimi nilipomwandikisha mwanangu, fomu ilikataliwa mara mbili kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa cha Kisumu kina majina matatu na pasipoti ina mawili, na kila mara nililazimika kuomba ruhusa kazini na kukatwa mshahara wa siku hiyo. Viatu vyake vya kuteleza nilivilipia kwa miezi minne. Inaniuma ndugu wanaponiandikia kwamba nimeanza kusahau nyumbani, ilhali miezi hiyo yote nilituma karo kama kawaida.

Sitamshauri mtu auze shamba kwa ajili ya mchezo huu. Hayo ni yangu na nyumba yangu, na mwingine ana hesabu zake. Aliye Nairobi ajue kwamba Ice Lions, timu ya Kenya ya mchezo huu, walijifunza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, na kwamba Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Viatu vya mwanangu vya msimu uliopita vimembana ilhali vyuma vyake bado ni vizima. Nina jamaa anayesafiri Desemba na amekubali kuvibeba, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anavaa namba tatu aniandikie mapema.