DNA: kutoka kwenye usaha hadi kwenye msokoto (mhadhara)

Habari za jioni. Nitaanza na usaha, na aliyetoka kula sasa hivi aniwie radhi.

Mwaka 1869, mjini Tübingen, Ujerumani, daktari kijana kutoka Uswisi aitwaye Friedrich Miescher alikuwa akichunguza kemia ya chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zimejaa tele kwenye usaha, na usaha haukuwa adimu, kwani alikusanya bandeji zilizotumika hospitalini. Zilizokwisha kuoza alizitupa. Zilizobaki alizisuuza kwa maji yenye sodiamu salfeti, kwa sababu miyeyusho mingine aliyoijaribu ilizifanya chembe zivimbe na kugeuka uteute. Kisha akaziloweka kwenye asidi hafifu pamoja na pepsini aliyoitoa kwenye tumbo la nguruwe. Pepsini humeng'enya protini, kwa hiyo nyama ya chembe ikaliwa, viini vikazama chini. Viini hivyo akaviyeyusha kwa alkali hafifu, akatia asidi, na kitu cheupe kikatua. Pepsini haikukiweza, na kilikuwa na fosforasi nyingi kuliko protini yoyote iliyojulikana. Akakiita nukleini. Ndiyo hii DNA, kitu kinachobeba urithi wa viumbe.

Kazi hiyo aliifanya kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa jiko la ngome, na kwa kweli inafanana na mapishi. Kisa cha DNA huelezwa kama kisa cha watu wenye akili kupita kiasi. Mimi nakiona zaidi kama kisa cha usafi: nani alikuwa na kitu kimoja tu kwenye chupa yake, na nani alikuwa na mchanganyiko bila kujua.

Baada ya Miescher, wanakemia waliivunjavunja nukleini na kukuta vitu vitatu: sukari, fosfati, na besi za aina nne, yaani adenini, guanini, sitosini na thimini. Tutaziita A, G, C na T. Phoebus Levene, aliyefanya kazi Rockefeller Institute, New York, aliitambua sukari ya DNA mwaka 1929 kuwa deoksiribosi. Alipata pia wazo lililotuchelewesha sana, kwamba besi nne hizo zimo kwa kiasi sawa na zimejipanga kwa seti ya nne-nne, ileile ikijirudia. Kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kubeba ujumbe wowote. Ni kama kitabu chenye neno moja tu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mbona alikosea? Angalieni namna alivyoishika. Asidi na alkali kali zilizotumika kuitoa DNA zilikuwa zinaikata vipande vifupi, hivyo mtu akipima anaona molekuli ndogo. Na njia za kupima besi zilikuwa na mapana: ukipata asilimia 28 ya moja na 21 ya nyingine, ni rahisi kusema zote ni 25 na tofauti ni kosa la mizani. Basi macho yote yakaelekea kwenye protini, zenye viungo vya aina 20.

Sasa twende London, 1928. Frederick Griffith alikuwa na bakteria wa kichomi wa namna mbili. Aina S ina koti la utelezi linaloikinga dhidi ya ulinzi wa mwili, nayo huua panya. Aina R haina koti, haiui. Akiwachoma panya S waliouawa kwa joto, panya wanapona. Akiwachoma R walio hai, wanapona. Akiwachanganya hao wawili, panya wanakufa, na ndani ya damu yao anakuta S walio hai.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimyakimya. Mtu angeweza kusema kwamba wale R wamerudia tu hali yao ya zamani, kwa kuwa R hutokana na S iliyopoteza koti, na hilo la kurudi hutokea. Griffith alijihami mapema. Makoti yana aina zake, zinazotajwa kwa namba. R wake walitokana na S wa koti la aina ya II, S waliouawa walikuwa wa aina ya III, na bakteria waliotoka kwenye panya walikuwa na koti la aina ya III. R wa aina ya II akirudi nyuma anarudi kuwa II, hawezi kuwa III. Kwa hiyo kuna kitu kilihama kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai, na watoto wao wakakirithi.

Kitu gani? Jibu lilitoka Rockefeller Institute, kwa Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, mwaka 1944. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana hii ndiyo kazi ninayoihusudu kuliko zote za jioni hii.

Walikuza bakteria wa aina ya III kwenye lita 75 za mchuzi. Wakawakusanya kwa mashine ya kuzungusha, wakawapasha joto nyuzi 65 kwa nusu saa. Joto hilo lilikuwa na kazi mbili: kuua bakteria, na kuvilemaza vimeng'enya vyao vinavyokata DNA. Ukiruka hatua hiyo, bakteria wenyewe wanakula kile unachokitafuta kabla hujakifikia. Wakawasuuza kwa maji ya chumvi, wakawafungua kwa chumvi ya nyongo, wakatikisa mchanganyiko na klorofomu ili protini igande katikati na kuondolewa, wakirudia hadi hakuna kinachoganda tena. Koti la utelezi, ambalo ni sukari, wakalimeng'enya kwa kimeng'enya chake. Mwisho wakatia spiriti kidogokidogo huku wakikoroga. Spiriti ilipokaribia kuwa sawa na ujazo wa mmumunyo, nyuzi nyeupe zikaanza kujitokeza na kujizungusha kwenye kijiti kama uzi kwenye pia.

Mavuno kutoka lita 75? Miligramu 10 hadi 25.

Kisha majaribio. Tripsini na kimotripsini, zinazokula protini, hazikupunguza nguvu ya kile kitu. Kimeng'enya kinachokula RNA, ndugu wa DNA, vilevile. Maji ya viumbe yenye uwezo wa kuvunja DNA yaliiua nguvu hiyo kabisa. Uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi ulikuwa wastani wa 1.67, na DNA kwa hesabu inatakiwa kuwa 1.69. Protini ingepandisha namba hiyo sana, maana ina naitrojeni tele na fosforasi kidogo mno.

Hata hivyo hawakuaminiwa mara moja. Alfred Mirsky, wa taasisi ileile, alishikilia kwamba vipimo vya protini vya wakati huo visingeweza kugundua mabaki ya asilimia moja au mbili. Pingamizi hilo halikuwa la kijinga. Ila McCarty alipokisafisha kimeng'enya cha DNA kutoka kwenye kongosho la ng'ombe, na kiasi kidogo tu kikatosha kuua ile nguvu, wapingaji walibaki na nafasi finyu.

Jaribio linalotajwa zaidi ni la Alfred Hershey na Martha Chase, Cold Spring Harbor, 1952. Walitumia virusi vinavyoshambulia bakteria, vyenye protini na DNA tu. Protini ina salfa, DNA haina. DNA ina fosforasi, protini hiyo karibu haina. Kundi moja la virusi wakalitia salfa nururifu, jingine fosforasi nururifu, wakavipa virusi dakika chache vijishikize kwenye bakteria, wakatia kwenye blenda ya jikoni. Ukiwasha blenda mapema mno, virusi vinang'oka kabla ya kumwaga vilichobeba. Ukichelewa, bakteria wanapasuka wenyewe. Sehemu kubwa ya salfa, kama asilimia 80, ilibanduka. Fosforasi nyingi ilibaki ndani ya bakteria, na bakteria hao wakaendelea kuzaa virusi vipya.

Mmeona? Asilimia 20 ya protini ilibaki. Kwa usafi, jaribio hili halimfikii Avery hata kwa mbali, lakini ndilo lililowageuza watu. Nadhani sababu ni kwamba udongo ulikuwa umekwisha kulainishwa na Erwin Chargaff. Kufikia 1950 alikuwa ametenganisha besi kwenye karatasi, akazipima moja moja kwa mwanga wa urujuanimno. DNA ya binadamu ilikuwa na A karibu 30, T karibu 30, G karibu 20, C karibu 20 kwa mia. Bakteria walikuwa na mgawanyo mwingine. Seti ya nne-nne ikafa hapo. A ikabaki sawa na T, na G sawa na C, bila mtu kujua kwa nini.

Umbo sasa. King's College, London, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walikuwa wakipiga uzi wa DNA miale ya eksirei. Walikuwa na DNA nzuri, ndefu, iliyotolewa kwa upole na Rudolf Signer wa Bern. Lakini picha za awali zilikuwa na ukungu, na Franklin ndiye aliyeona kasoro: DNA ina maumbo mawili kulingana na unyevu, na picha zilikuwa zinapiga yote mawili kwa pamoja. Kwenye unyevu wa asilimia kama 75 inakuwa fupi na nene, tunaiita umbo A (si besi A). Ukipita 92, uzi unarefuka na kuwa B. Akaudhibiti unyevu kwa miyeyusho ya chumvi, akajaza haidrojeni ndani ya kamera kwa sababu hewa hutawanya miale na kutia doa, akayatenga maumbo hayo. Usafi tena, safari hii wa umbo.

Picha ya 51, ya Mei 1952, ni ya umbo B. Ina alama ya X katikati: huo ni msokoto. Umbali kati ya mistari yake unatoa nanomita 3.4 kwa mzunguko mmoja. Madoa meusi ya juu na chini yanatoa nanomita 0.34 kati ya besi na besi. Gawanyeni: ngazi 10 kwa mzunguko. Na mstari wa nne haupo, jambo linaloelekeza kwenye minyororo miwili isiyogawa msokoto nusu kwa nusu. Ndiyo maana DNA ina mfereji mpana na mfereji mwembamba.

Cambridge, James Watson na Francis Crick walikuwa wameshafeli mara moja, 1951, kwa modeli ya minyororo mitatu yenye fosfati katikati. Fosfati zina chaji hasi, zinasukumana. Franklin aliwaambia pia kwamba maji waliyoyahesabu ni machache mno. Watson alionyeshwa picha ya 51 na Maurice Wilkins, mwenzake Franklin pale King's College, bila Franklin kujua. Kikwazo cha mwisho kilikuwa kwenye vitabu: vilichora G na T zikiwa na haidrojeni mahali pasipo pake. Mwanakemia Jerry Donohue akawasahihisha. Watson alipokata besi upya kwa kadibodi, A na T zikashikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C zikashikana, na jozi zote mbili zikawa na upana uleule. (Kwamba G na C zina vifungo vitatu lilithibitika baadaye.) Minyororo inakwenda kinyume, mmoja juu mmoja chini. Makala yalitoka kwenye Nature tarehe 25 Aprili 1953, pamoja na ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37, miaka minne kabla ya tuzo ya Nobel ya Watson, Crick na Wilkins.

Kuna swali limeletwa kwa maandishi: "Nikiitoa DNA kwa spiriti, mbona napata ungaunga badala ya nyuzi?" Kwanza, mkono. Ukitikisa kwa nguvu au ukivuta kwa bomba lenye tundu jembamba, molekuli ndefu zinakatika. Geuza chupa taratibu, kata ncha ya bomba. Pili, vimeng'enya. Vile vinavyokata DNA vinahitaji magneziamu, kwa hiyo tia EDTA inayoifunga, na fanya kazi kwenye baridi. Tatu, huenda unachokiona ni RNA nyingi, kwani nayo hutua kwa spiriti. Ipe kimeng'enya chake kwanza, kisha mimina spiriti baridi ukingoni mwa chupa polepole ikae juu, na uzungushe kijiti pale mimiminiko miwili inapokutana.